Kifua Kinasemaje, Mama Latifa?

"Kifua kinasemaje?"

Bi Sabra alivuta pumzi, akamwomba Mola wake subira, kisha akajibu kwa sauti ya chini, "Baba Latifa, kifua hakisemi. Kifua hakina mdomo."

"Nakuuliza unaona nini!"

"Naona watu wazima wawili wanapigana na wala hawana ugomvi."

Mwalimu Mustafa akauma meno, akamgusa mkewe ubavuni kwa kiwiko. Ni kiwiko kile kile kilichokuwa kikimgusa tangu Ramadhani, mara ishirini kwa jioni moja, mpaka ubavu wenyewe ukawa na alama. Walikuwa wameketi kwenye benchi ndani ya ghala la zamani la korosho, pale Chikongola, ambalo sasa lilikuwa la klabu ya ngumi. Magunia yalishaondoka siku nyingi, lakini harufu yake ilibaki kutani, na siku za joto ilikuwa ikipanda pamoja na jasho la vijana mpaka mtu akatamani kutoka nje apumue.

"Sabra. Anakuja na mkono gani?"

"Kulia. Anakuja na kulia."

"Kulia, Faraji! Toka nje ya kulia!" Mwalimu Mustafa akapaza sauti, na kweli Faraji akainama, ngumi ikapita juu ya kichwa chake. Vijana waliokuwa wakiruka kamba wakapiga makofi. "Mwalimu ana macho ya mwewe!" mmoja akasema.

Bi Sabra akatazama sakafu. Astaghfirullah, akasema moyoni. Mwewe!

Mwalimu Mustafa alikuwa haoni. Hakuwa kipofu wa kushikwa mkono, bado alikuwa akijua mchana na usiku, akijua mtu amesimama mbele yake au hakuna mtu. Lakini sura ya mtu hakuipata tena, wala herufi, wala mwiba wa samaki. Mwenyewe alisema ni kama kutazama kupitia chandarua kilicholowa. Miaka miwili sasa. Alikuwa amehesabu hatua kutoka mlango wa ghala mpaka benchi, kumi na moja, akawa anaingia kifua mbele, filimbi shingoni, akimwamkia kila anayemsikia kwa sauti. Watu wawili tu ndio waliojua: yeye na mkewe.

Bi Sabra alimwambia aende hospitali. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa machozi, akamwambia akimpakulia chakula, akamwambia akimtafutia viatu vilivyokuwa miguuni pake mwenyewe. Jirani yao Bi Saida alitibiwa macho yake, leo anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mwalimu Mustafa alikuwa na jibu moja tu.

"Nani kakwambia mimi naumwa?"

"Jana umemsalimia mbuzi, Baba Latifa."

"Alinipita karibu."

Hofu yake haikuwa daktari. Hofu yake ilikuwa ghala. Ujana wake aliumalizia ulingoni, utu uzima wake akaumalizia akifundisha wengine ngumi, na siku klabu ikijua kwamba haoni, filimbi ile wataivua shingoni mwake. "Nikae barazani nikingoja nini?" alimwuliza mkewe siku moja, na sauti yake ilitetemeka kidogo. Basi Bi Sabra, ambaye hakuwahi kumnyima mtu kitu akiombwa kwa sauti ya namna ile, akakubali. Miaka kumi na tisa alikuwa akiuza chai na mihogo ya kukaanga nje ya ghala lile. Mwaka huu akaingia ndani, akiwa amebeba chupa ya chai kana kwamba mumewe hawezi kufundisha bila kunywa, akaketi ubavuni pake kumnong'oneza.

Na hapo ndipo masomo yalipoanza. Usiku wa mazoezi na mchana wa mapumziko, ilikuwa ni somo lile lile.

"Usitazame glovu. Glovu ni mwongo. Usitazame macho, macho yatakutisha au yatakutia huruma, na yote mawili utapigwa. Tazama hapa." Akajigonga kidole chini ya shimo la koo. "Ukitua macho hapa, unapata mabega yote mawili, unapata viwiko, na kiuno unakiona kwa pembeni. Mkono hauwezi kuondoka bila bega kujua. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Tazama wapi?"

"Kifuani."

Alisema kifuani. Lakini kifuani hakutazama hata siku moja.

Bi Sabra alizaliwa Mahurunga, huko karibu na Mto Ruvuma, baba yake akiwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alipokuwa mwali, kungwi wake alimkalisha ndani na kumfunza mengi, na moja alilolirudia mpaka likaingia mifupani ni hili: mwanamume asiye wako, mtazame vidole vya miguu. Ukimpelekea maji, vidole vya miguu. Akikuuliza njia, vidole vya miguu. Miaka arobaini Bi Sabra alifanya hivyo, na wala hakuona tabu. Wateja wake wa chai aliwajua kwa miguu: huyu mwenye kandambili za bluu hataki sukari nyingi, huyu wa kucha nyeusi hula mihogo mitatu na pilipili, yule mwenye viatu vya bandarini anapenda kuulizwa habari za watoto. Sasa unamkalisha mwanamke huyu mbele ya vijana walio vifua wazi, wanang'aa jasho, halafu unamwambia atue macho chini ya shimo la koo. Macho yalishuka yenyewe.

Kwa hiyo mumewe alipouliza kifua kinasemaje, yeye alisoma miguu na kujibu. Na ikafaa! Miguu ya pale ghalani aliifahamu. Huyu akitaka kupiga kulia, kisigino cha kulia kinanyanyuka kwanza. Yule akitaka kurudi nyuma, vidole vinajikunja ndani ya raba. Hakukosea sana. Kila baada ya swala alijiuliza kama ule ni uongo, na kila mara alijijibu kwamba hakuulizwa anatazama wapi, aliulizwa anaona nini. Jibu lenyewe lilimchosha, maana alijua mtoto mdogo tu ndiye hujitetea hivyo.

Ndipo akaja Josephu.

Josephu alikuwa katibu wa klabu, mtu wa Songea aliyehamia Mtwara kwa kazi ya bandarini, mpole, msema kweli mpaka inakera. Alisimama mbele ya benchi, akasalimia, akaenda moja kwa moja kwenye lake.

"Mwalimu, pambano la Faraji limethibitishwa. Jumapili ijayo, baada ya alasiri, na Fadhili wa Masasi. Raundi nne."

"Tuko tayari."

"Vizuri. Sasa nikwambie na jingine, ili usije ukanilaumu. Vijana wetu watatu wamepoteza mfululizo. Kamati inasema Mwalimu amechoka. Na huyu akipigwa, watatafuta mwalimu mwingine."

"Wanasema hivyo?"

"Wanasema hivyo, Mwalimu. Mimi nimekuletea tu."

Viatu vya bandarini vikageuka, vikaondoka. Kiwiko cha Mwalimu Mustafa kikaja.

"Alikuwa na uso gani akisema?"

"Sikumtazama usoni."

"Ulikuwa unatazama wapi wewe mwanamke?"

Bi Sabra akakaza kifuniko cha chupa ya chai. Njiani kurudi nyumbani alijaribu tena. Alimwambia Faraji ni mtoto wa watu, ana bajaji yake ya kazi, ana mama yake kule Madimba anayemsubiri arudi mzima. Aambiwe ukweli, achague mwenyewe. Mwalimu Mustafa akasema baada ya pambano. Kila kitu kilikuwa baada ya pambano: hospitali, ukweli, hata bati la jikoni lililokuwa likivuja.

Jumapili ilifika na ukumbi ukajaa. Bi Sabra alivaa baibui lake jeusi, akabeba ndoo ya maji mkono mmoja na taulo begani, na mkono wa pili akawa amemshika mumewe kijanja, kana kwamba ni yeye anayeongozwa. Watu walipomwona anaelekea kwenye kona ya ulingo, hawakumwacha hivi hivi.

"Mwalimu, leo umekuja na mpishi?"

"Mama Latifa, chai ipo?"

"Ipo kwenu, mwanangu," akajibu bila kugeuka. "Kamwambie mama yako akutilie."

Wakacheka. Hata Faraji, aliyekuwa ameshavaa glovu, akacheka, akainamisha kichwa. "Shikamoo Mama. Niombee."

"Marahaba. Nimekuombea tangu alfajiri."

Kengele ikalia.

Fadhili wa Masasi alikuwa na viatu vyeupe, virefu, kamba zake zimefungwa mpaka juu. Bi Sabra aliviona vizuri sana. Kiatu cha kushoto kikapiga ubao, pah! Akanong'ona, "Kushoto." Mumewe akapaza, "Kushoto, Faraji!" Faraji akajikinga na mkono wa kushoto wa mwenzake. Ukaja wa kulia, ukamkuta shavuni.

Pah! Kiatu kile tena. "Kushoto." "Kushoto, Faraji!" Na kulia kukaja.

Mara ya tatu watu walianza kucheka. Mtu mmoja nyuma akasema Mwalimu analipwa na Masasi. Raundi ilipokwisha Faraji aliketi kwenye kigoda anahema, jicho limeanza kuvimba.

"Mwalimu, unaniita kushoto, inakuja kulia!"

"Wewe nisikilize mimi." Kisha akamgeukia mkewe, meno yamekazana. "Kifua kinasemaje, Sabra? Kifua!"

"Kinasema kushoto," Bi Sabra akajibu. Na hapo hakukuwa na kujitetea tena. Ule ulikuwa uongo mzima, na aliusikia ukitoka mdomoni mwake.

Raundi ya pili ilikuwa haijafika nusu. Kiatu cheupe kilipiga ubao, sauti ya mumewe ikaita kushoto, na Faraji, ambaye mpaka dakika ile alikuwa bado anaiamini sauti ile kuliko macho yake mwenyewe, akageuza mikono yake kuukinga mkono wa kushoto wa mwenzake. Bi Sabra hakuiona ngumi iliyompiga. Macho yake yalikuwa pale chini, kwenye ubao, na ghafla pale chini pakawa na uso wa Faraji. Ulilala sentimita chache mbele yake, kinga ya meno imetoka nusu, mdomo wa juu umepasuka, jicho moja linamtazama yeye bila kumwona.

Refa akaanza kuhesabu. Moja. Mbili.

"Nini? Nani kaanguka?" Mwalimu Mustafa alikuwa akimvuta mkono. "Nani kaanguka, Sabra?"

"Wetu."

Faraji aliinuka kwenye saba, akasimama kwenye nane. Viatu vile vyeupe vilikuwa vinadanganya. Vilifundishwa kudanganya, vilikuwa vikipiga kelele huku ili watu kama yeye watazame huku. Akasema bismillah, akainua macho.

Alikiona kifua cha Fadhili wa Masasi. Kilikuwa kifua chembamba cha kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, mbavu zinahesabika, kovu dogo la kuungua karibu na bega. Kifua cha mtoto wa mtu. Aibu aliyoibeba miezi yote ile haikupata pa kukaa. Akatazama pale pale alipofundishwa, chini ya shimo la koo, na akaona. Kiatu kikapiga ubao na kifua hakikutikisika hata kidogo. Kisha bega la kulia likarudi nyuma kidogo tu, mshipa wa shingo ukakaza.

"Kulia!" akasema.

"Kulia, Faraji!"

Faraji akainama. Mkono ukapita hewani, na kwa mara ya kwanza siku ile yeye ndiye aliyepiga, mbili za tumbo na moja ya kidevu. Ukumbi ukainuka. Mpaka kengele inalia, Bi Sabra alikuwa ameita mara tano na hakukosea hata moja.

Mtu mwingine angeshukuru. Mwalimu Mustafa aligeuka pale pale kwenye kona, mishipa imemtoka.

"Mbona sasa ndiyo unaona? Raundi mbili zote ulikuwa unatazama wapi?"

"Miguu."

"Nini?"

"Nilikuwa natazama miguu, Baba Latifa. Siku zote natazama miguu. Siwezi kukodolea vifua vya watu mimi."

"Miguu!" Sauti ile ya ulingoni, ya kusikika ukumbi mzima. "Mimi sioni, nimekuweka wewe uwe macho yangu, na wewe unatazama miguu!"

Neno lilikwishatoka. Josephu alikuwa amesimama nyuma yao na karatasi yake ya majina, kalamu imebaki hewani. Faraji alikuwa na maji mdomoni, hakuyameza wala hakuyatema. Aliyatazama macho ya mwalimu wake kwa karibu, pengine kwa mara ya kwanza, akauona weupe uliotanda katikati ya mboni.

Akatema maji kwenye ndoo. "Mama," akasema, "niambie wewe mwenyewe. Moja kwa moja."

"Sauti yangu ndogo, mwanangu."

"Basi piga kelele."

Raundi mbili zilizobaki, watu wa Mtwara walimsikia Bi Sabra, mwuza chai, mwanamke ambaye hakuwahi kumpigia kelele hata kuku. Kulia! Kushoto! Anakuja, toka! Mwalimu Mustafa alishika kamba ya ulingo kwa mikono miwili, filimbi inaning'inia. Faraji alipigana vizuri. Lakini kule kuanguka kulikuwa kumeshaandikwa, na raundi ya kwanza yote ilikuwa ya mwenzake. Majaji walipomaliza, refa aliunyanyua mkono wa Fadhili wa Masasi.

Jumanne Josephu alikuja nyumbani. Hakukaa.

"Mwalimu, hatukufukuzi. Lakini ulingoni husimami tena mpaka macho yako yapimwe. Jambo hili si la kuomba."

"Mmeshapata mwingine?"

"Tumepata wa kushikilia."

Kwa siku tatu Mwalimu Mustafa hakutoka. Alikaa kwenye mkeka wa barazani, jambo lile lile aliloliogopa, na mkewe alipopita na ungo au ndoo, alisikia kauli ile ile. "Miguu! Miaka thelathini nafundisha kifua, mke wangu mwenyewe ndani ya nyumba anatazama miguu!"

Mara ya kumi subira ya Bi Sabra ilifika ukingoni. Akaweka ungo chini.

"Na wewe je? Miaka miwili unatazama ukungu, unawaambia watoto wa watu ni kifua. Mimi kosa langu nimelikiri mbele ya Mungu na nimelikiri mbele ya ukumbi mzima. Lako limekuponyoka tu kwa hasira. Ungekuwa na hasira kidogo zaidi tangu mwaka jana, Faraji asingelala ubaoni."

Hakuzoea kusema maneno marefu namna ile. Aliokota ungo, akaingia jikoni, akalia kidogo, akaendelea kupepeta.

Ijumaa baada ya swala Faraji alikuja. Aliegesha bajaji nje, akapiga hodi, akaketi ukingoni mwa mkeka. Bi Sabra alimtazama usoni, akaona mdomo ulivyoshonwa, akamwomba radhi kabla hata hajamwandalia maji. Faraji alitikisa kichwa.

"Wewe Mama hukunikosea sana. Ulifundishwa hivyo." Kisha akageuka. "Mwalimu, sikuja kugombana. Ila niliacha macho yangu nikaamini yako. Kiatu chake nilikiona kinanidanganya tangu raundi ya kwanza. Nilikiona mwenyewe! Nikasema hapana, Mwalimu anaona zaidi yangu. Ungeniambia tu, ningetazama mwenyewe."

Mwalimu Mustafa alinyoosha mkono taratibu mpaka ukaukuta uso wa kijana wake. Vidole vikapita kwenye nyusi, shavuni penye uvimbe, vikafika mdomoni, vikasimama kwenye uzi.

"Ngapi?"

"Nne, Mwalimu."

Mkono ukarudi kwenye goti. Faraji alikaa kidogo, akanywa maji, akaaga. Bajaji iliwaka, ikaenda zake. Bi Sabra aliinama kuokota kikombe, na mumewe akakohoa.

"Hiyo hospitali yako inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Nimekwambia siku zote, saa mbili asubuhi."

"Sasa unanigombeza nini?"

"Sikugombezi, nakujibu."

"Jumatatu basi."

"Kesho wapo. Mpaka saa sita wapo."

"Kesho kanzu yangu haijapigwa pasi."

Bi Sabra alifumba macho, akahesabu mpaka tano, kisha akaenda kuwasha mkaa wa pasi.